Kabla hujasimama mbele ya darasa: maandalizi kwa jicho la Wastoa

Wastoa ni wanafalsafa wa kale waliofundisha kushughulika na yaliyo mikononi mwako na kuyaacha yasiyo yako. Mmoja wao, Epictetus, aliyezaliwa mtumwa na baadaye akawa mwalimu mjini Nicopolis, Ugiriki, aliwapa wanafunzi wake mfano wa mpiga kinubi. Akiwa peke yake chumbani, anaimba bila wasiwasi. Akiingia ukumbini, anatetemeka, hata kama sauti anayo na kinubi anakimudu. Kisa? Hataki kuimba vizuri tu, anataka na kushangiliwa. Makofi ni ya watu wengine.

Nimekaa nyuma ya madarasa ya chuo nikisikiliza wanafunzi wakiwasilisha kazi zao, na mpiga kinubi huyo namwona kila wiki. Kwa hiyo kabla ya slaidi, jiulize unachokitaka siku hiyo. Ukijibu "nisichekwe" au "mhadhiri afurahi", umeshaweka roho yako rehani. Sema badala yake: "Nitaeleza matokeo yangu mpaka aliyekaa nyuma ayaelewe." Hilo unaweza kulifanyia mazoezi.

Siku mbili tatu kabla, keti na kalamu uandike yanayoweza kuharibika. Hili nalo ni la Epictetus: ukienda kuoga kwenye bafu la umma, alisema, kumbuka mapema kwamba huko kuna wanaorusha maji, wanaosukumana, wanaotukana na wanaoiba. Bafu lako ni chumba cha semina. Projekta itakataa flashi, basi jitumie kazi kwa barua pepe pia, na nakala ya PDF. Umeme utakatika, basi chapisha kurasa chache. Kundi lililotangulia litakula muda na dakika zako 15 zitabaki saba. Hapa ndipo wengi huvurugikiwa, wakaanza kukimbiza slaidi zote kama wanaofukuzwa. Amua leo ni slaidi zipi utaziruka, uziwekee alama. Na zoezi hili lifanye mchana, mara moja, kisha funga daftari. Ukilirudia kitandani saa nane za usiku, hayo si maandalizi tena. Seneca, Mstoa mwingine, wa Roma, alimwandikia rafiki yake Lucilius kwamba mara nyingi tunateseka zaidi kwa mawazo kuliko kwa mambo yenyewe.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania kuna hofu nyingine isiyosemwa sana, nayo ni Kiingereza. Tangu kidato cha kwanza masomo ni kwa Kiingereza, na mtu anaweza kuijua hoja yake barabara kisha ikamkwama ulimini kwa sababu kuna mwenzake anayesubiri kosa la matamshi. Kicheko cha mwenzako huna namna ya kukizuia. Ila maneno magumu unaweza kuyatamka kwa sauti mara kumi nyumbani, au kuyaacha ukatumia mepesi. Sentensi mbili za kwanza zikariri neno kwa neno, maana hizo ndizo hutoka wakati kichwa kimekuwa cheupe.

Sasa mwili. Watu hudhani Mstoa ni mtu asiyetikisika. Seneca alikiri kwamba hata wasemaji imara kabisa hutokwa jasho mbele ya umati, magoti yakatetemeka na meno yakagongana, na kwamba hekima haiondoi maumbile. Basi usiweke lengo la kutotetemeka. Na walimu wenzangu, tuache kumwambia mtoto "usiogope". Tunamwongezea hofu ya pili, ya kuonekana anaogopa. Mwambie atatetemeka, na kwamba ataendelea kusema huku anatetemeka.

Halafu umsaidie kwa vitu vidogo. Karatasi ya A4 ikishikwa na mkono unaotetemeka hupepea hadi safu ya mwisho waone, naye akiiona inapepea anazidi. Kata manila vipande vya saizi ya kiganja, kila kipande maneno manne matano kwa herufi kubwa, uvipe namba endapo vitaanguka. Nawe unayewasilisha, asubuhi kunywa chai na ule kitu, hata andazi moja. Fika mapema, simama pale mbele chumba kikiwa kitupu, useme zile sentensi mbili. Na chupa ya maji ifungue kabla hujaitwa. Kizibo kipya na vidole vyenye jasho havipatani.