Kuchanganya RAM za spidi tofauti kwenye mazabodi moja, fuata hivi

Swali hili kila wiki lazima mtu aniulize: "fundi, nina RAM ya 2133, nimepata nyingine ya 2666, zitakaa pamoja?" Zitakaa. Zote zitakimbia kwa spidi ya ile ya chini, basi, haiungui kitu. Ila kuna mambo ya kuangalia kabla hujatoa hela yako.

Hatua ya 1. Soma stika ya RAM. DDR3 na DDR4, yaani vizazi viwili vya RAM, haziingiliani hata kidogo, ule mkato wa katikati ya meno haukai sehemu moja, kwahiyo ikigoma kuingia usilazimishe utavunja sloti. Kama stika imeandika PC3-12800 au PC4-19200 gawa hiyo namba kwa 8 unapata spidi, yaani 1600 na 2400. Alafu cheki herufi: U ni ya desktop, S ya laptop, R ni ya seva. Hiyo ya R ndo inaliza watu, unaona 16GB bei chee unabeba, ukifika nyumbani kompyuta ya kawaida haiwaki.

DDR3 ina lingine, kuna ya volti 1.5 na ile ya L ya volti 1.35. Ya L inakubali mashine zote mbili lakini mashine inayotaka L tu usiiwekee ya 1.5.

Hatua ya 2. Angalia prosesa. Mfano hizi desktop used za ofisini zenye i5-6500, mwisho wake kwa DDR4 ni 2133, sasa hata uweke 3200 mbili mpya kabisa utapata 2133 ile ile. Kwa mashine kama hiyo kuhangaika na spidi ni kupoteza muda, tafuta GB. Kutoka 4 kwenda 12 utaiona tofauti ukifungua tu Chrome.

Hatua ya 3. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza batani ya kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kesi ndo ushike RAM, na uishike pembeni siyo kwenye meno. Kama sloti ziko 4 na RAM ni 2, mazabodi nyingi zinataka ya 2 na ya 4 kuhesabu toka kwenye prosesa, ila desktop za ofisini zina utaratibu wao, mchoro mara nyingi upo ndani ya mfuniko. Sukuma mpaka usikie ta! Ukiweka 4GB na 8GB, kwenye Intel nyingi GB 4 za kila RAM zinafanya kazi kwa pamoja njia mbili, GB 4 zinazobaki za ile ya 8 zinaenda peke yake, siyo mbaya.

Hatua ya 4. Washa na utulie. Mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi hata dakika nzima sababu mazabodi inasoma kila RAM na kutafuta mwendo ambao zote zinauweza. Ikipiga mlio tu, toa zote, futa meno kwa raba ya penseli, jaribu moja moja.

Hatua ya 5. Ikiwaka ingia Task Manager, Performance, Memory, angalia Speed. Ukitumia CPU-Z, programu ya kuonyesha taarifa za kompyuta, usishtuke kuona 1066, yenyewe inaonyesha nusu, zidisha mara 2. Kama uliwasha XMP (mpangilio wa kupandisha spidi ya RAM) kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio kabla ya Windows, izime kwanza, ile imetengenezwa kwa RAM za seti moja.

Hatua ya 6, ambayo wengi wanairuka: weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washia kompyuta humo, iache usiku izunguke. Error hata moja hatukubali. Ikitokea, test kila RAM peke yake, zikipita zote mbili basi ugomvi uko kwenye kuchanganyika, shusha spidi kwenye BIOS ngazi moja urudie test, na kama BIOS yako haina hiyo sehemu toa ile ndogo ubaki na ya 8.