Kupima Damu ya Mzazi kwa Mizani: Mwongozo kwa Wakunga wa Leba

Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kunaongoza katika kuua wazazi, na hapa Tanga, ambako mama huja leba na kanga zake kadhaa, damu hiyo hunywewa na nguo kabla jicho halijaiona. Usiku mmoja niliinua kanga ya rangi ya zambarau iliyokunjwa chini ya mzazi aliyekuwa akizungumza vizuri tu, nikaikuta nzito kana kwamba imetolewa kwenye beseni la kufulia. Tangu hapo sikadirii tena kwa macho.

Hatua ya 1. Mama anapopokelewa, pima kanga zitakazotandikwa zikiwa kavu na uandike uzito wake kwenye faili. Hakikisha pia kwamba oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, imo kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8, kwa kuwa kichupa kilichosahauliwa mezani katika joto la kaskazi hupungua nguvu, nawe utamchoma mama ukiamini umemkinga.

Hatua ya 2. Mtoto akishazaliwa, papasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha, kisha ndani ya dakika 1 mchome mama uniti 10 za oksitosini kwenye msuli wa paja.

Hatua ya 3. Kondo likitoka, pima tena kanga zilizolowa na utoe uzito wa awali. Kila gramu 1 iliyozidi ihesabu kuwa mililita 1 ya damu, ukijumlisha na iliyo kwenye beseni. Mililita 500 ni hatari, lakini mama aliyekuja na upungufu wa damu huzidiwa mapema zaidi, kwa hiyo mapigo ya moyo yakienda mbio usingoje hesabu itimie.

Hatua ya 4. Ita msaada, na kazi zote zifanyike kwa pamoja: kusugua mji wa mimba hadi ukaze, oksitosini kwenye dripu, gramu 1 ya asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu iliyoganda isiyeyuke) kwenye mshipa kwa dakika 10, kutoa mkojo, na kukagua kondo na michaniko. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023, uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba kupima damu na kutoa tiba hizi kwa mkupuo hupunguza madhara makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60.

Hatua ya 5. Kwa saa 2 za mwanzo shika tumbo kila dakika 15, na zamu inapobadilika mkabidhi mwenzako mama huyo kwa mililita zilizoandikwa, si kwa neno "kidogo".