Kabla hujaripoti kasoro ya programu huria, zingatia haya

Anza na toleo la programu. "Ninatumia la karibuni" halimsaidii mtu. Kwenye LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, fungua Help, kisha About LibreOffice, unakili maelezo yote yalivyo. Baadhi ya kompyuta huwekewa programu kutoka flashi ya fundi, na huenda kasoro yako ilishasahihishwa zamani. Weka toleo jipya, ujaribu tena. Faili lake ni mamia ya megabaiti, hivyo andaa bando.

Kisha chagua Restart in Safe Mode kwenye Help hiyohiyo, ili programu ifunguke bila mipangilio yako. Tatizo likitoweka, huenda chanzo ni mipangilio yako au nyongeza ulizoweka.

Faili lililoharibika umeme ulipokatika katikati ya kuhifadhi si ushahidi wa kasoro. Kinachotakiwa ni tatizo linalojirudia.

Sasa faili la mfano, na hapa ndipo watu huumizana. Karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, tuseme Urambo, anaona jumla ya kilo inatoka pungufu. Anaambatisha lahajedwali zima, yaani faili lake la hesabu: majina ya wanachama, namba za simu, malipo ya kila mmoja. Mfumo wa ripoti, Bugzilla, uko wazi kwa dunia nzima. Yeyote anapakua, na wewe huwezi kulifuta mwenyewe. Kuficha safu hakutoshi, maana atakayelipokea ataifichua kwa kubofya mara mbili tu.

Tengeneza faili jipya. Andika safu mlalo tano za majina ya kubuni, weka kanuni (fomula) ileile, uone kama jumla bado inakosea. Usinakili karatasi nzima, kwani safu zilizofichwa na maoni huja nayo. Ingia File, Properties, uondoe tiki kwenye Apply user data, kisha ubofye Reset Properties ili jina lako lisibaki ndani.

Kazi hii mara nyingi hufichua chanzo chenyewe. Bonyeza Ctrl+F8: namba halisi zinakuwa za bluu, maandishi meusi, kanuni kijani. Kilo zilizonakiliwa kutoka kwenye meseji zikionekana nyeusi, programu imezisoma kama maandishi, na SUM, kanuni ya kujumlisha, huyaruka maandishi. Hapo hakuna cha kuripoti. Rekebisha seli zako.

Ikibaki kasoro kweli, tafuta kwanza kama imesharipotiwa. Ripoti moja, kasoro moja. Andika hatua kwa namba, ulichotarajia, ulichopata. Kiingereza chepesi kinatosha. Wakikuuliza swali, jibu. Ripoti isiyojibiwa hufungwa.

Kasoro ya usalama, inayoweza kumpa mwizi mlango, usiiweke hadharani kabisa: miradi mikubwa mingi ina anwani ya faragha kwa hayo. Na kabla ya kutuma picha ya skrini, kata pembeni. Angalia meseji zilizochomoza, salio, majina ya mafaili, vichupo vya kivinjari. Nywila usimpe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mtengenezaji wa programu.