Somo: Kumsafirisha Mbwa kwa Ndege kutoka Nairobi hadi Uingereza au Ulaya

Anayehama na mbwa wake kwa kawaida huanza kwa kuulizia nauli, ilhali kinachoamua tarehe ya safari ni damu ya mbwa huyo. Kwa sababu ya kichaa cha mbwa, Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo Uingereza na Umoja wa Ulaya huwapokea mbwa wake bila kipimo cha damu, na kipimo hicho kina muda wa kusubiri usiofupishwa kwa pesa wala kwa kujuana. Anza miezi mitano kabla ya kuhama.

Hatua ya kwanza ni chipu, kifaa kidogo cha utambulisho chenye nambari ya tarakimu 15, ambayo daktari wa mifugo huidunga chini ya ngozi, kati ya mabega. Chanjo ya kichaa cha mbwa iliyotangulia chipu haihesabiwi, hata cheti chake kiwe na mihuri mingapi. Daktari aisome chipu kwa kifaa chake, ndipo achanje, kisha aandike nambari hiyo kwenye kitabu cha chanjo. Ilinganishe tarakimu kwa tarakimu kabla hujatoka kliniki, kwa maana tarakimu moja iliyokosewa inatosha kumzuia mbwa aliyechanjwa vizuri kabisa.

Hatua ya pili ni damu yenyewe. Hutolewa siku 30 au zaidi baada ya chanjo na kupelekwa katika maabara iliyoidhinishwa, nayo majibu yanapaswa kuonyesha kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza baada ya chanjo, zisizopungua yuniti 0.5 za kimataifa kwa mililita. Kuanzia hapo husubiriwa miezi mitatu, inayohesabiwa tangu siku damu ilipotolewa, wala si siku majibu yalipofika. Chanjo ikipitwa na wakati katika kipindi hiki, kazi yote huanza upya.

Miezi hiyo itumie kwa kizimba cha safari. Mpime mbwa akiwa amesimama: urefu wa kizimba ni kutoka puani hadi shina la mkia, ukiongeza nusu ya kimo cha kiwiko chake kutoka chini. Mbwa wa sentimita 80 mwenye kiwiko cha sentimita 30 huhitaji kizimba cha sentimita 95. Upana ni mara mbili ya upana wa mabega yake, na kichwa wala masikio yasiguse dari. Kiweke sebuleni mlango ukiwa wazi, umlishie humo, mpaka aingie kulala bila kuitwa.

Siku za mwisho ni za makaratasi. Cheti cha afya huidhinishwa na ofisi ya huduma za mifugo ya serikali, Kabete, na mbwa hana budi kuwasili ndani ya siku 10 tangu kitolewe. Anayekwenda Uingereza hupewa pia dawa ya minyoo aina ya tegu, kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika, na huingia kama mzigo, kwa hiyo tafuta mapema wakala anayepokea wanyama katika Uwanja wa Jomo Kenyatta.

Maswali ya wanachama, na majibu ya daktari

Daktari, nimpe dawa ya usingizi? Ni mwoga sana.

Hapana, ndugu yangu. Dawa hizo hushusha msukumo wa damu na kumfanya ashindwe kudhibiti joto la mwili, na mashirika mengi ya ndege humkataa mbwa aliyepewa dawa hizo. Mbwa aliyezoea kizimba chake hazihitaji.

Mimi natangulia, mbwa afuate mwezi ujao. Inawezekana?

Inawezekana, dada, lakini mwenye mbwa na mbwa wakipishana kwa zaidi ya siku tano, safari huhesabiwa kuwa ya kibiashara, yenye masharti mazito zaidi. Ni nafuu kusogeza tiketi yako.

Na sisi tunaohamia Marekani?

Tangu Agosti 2024, mbwa asiyetimiza miezi sita haruhusiwi kuingia. Aliyechanjwa Kenya hushukia tu kwenye uwanja wenye kituo cha wanyama kilichosajiliwa na CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, nawe huweka nafasi hapo kabla ya kulipia ndege. Akikosa majibu halali ya damu, hukaa karantini siku 28 kwa gharama yako.