Praiveti wa Amu: usilipie KCSE kabla hujaulizia lebu

Watu wengi wananiuliza nilivyorejista KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kama praiveti (mtahiniwa wa nje, si mwanafunzi wa shule) nikiwa hapa Amu, yaani Lamu mjini, na wote wanauliza pesa na makaratasi, hakuna hata mmoja anayeuliza lebu, yaani maabara. Na lebu ndiyo iliyonimaliza mimi mara ya kwanza. Ukichukua Bayolojia, Fizikia ama Kemia kuna pepa ya tatu, ile ya praktikali, maksi 40 kati ya 200, yaani moja ya tano ya somo zima, na hizo huzipati kwa kukariri noti usiku.

Basi kabla hujagusa simu kulipia, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo uulize vituo vinavyochukua watu wa nje. Watu wa Faza, Siyu na Pate, nyinyi ni kaunti ndogo ya Lamu Mashariki, msifunge safari ya Amu bure. Ukishajua kituo nenda mwenyewe, na usiulize tu "mwachukua praiveti?" maana utaambiwa ndiyo na mambo yaishe hapo. Uliza sayansi gani wanafanyisha. Shule hupelekewa maagizo ya siri kabla ya praktikali, wenyewe wayaita konfidensho, ndiyo watayarishe dawa na vyombo kulingana na idadi ya watahiniwa wa somo hilo. (Akija mtu kukuuzia konfidensho, mkimbie.)

Hapo hapo peleka barua kwa mwalimu mkuu. Fupi tu: KUH: OMBI LA KUTUMIA MAABARA, halafu jina lako, masomo yako, na siku unazoweza kuja, mfano Jumamosi asubuhi. Sema utakuwa chini ya mwalimu na ukivunja chombo utalipa, hii sentensi ya mwisho inafungua milango wallahi. Baki na kopi iliyopigwa muhuri.

Usajili wenyewe si kazi. KNEC, baraza la mitihani, hufungua mapema mwaka, unaingia mtandaoni upande wa watahiniwa binafsi, uwe na kitambulisho na namba yako ya mtihani wa zamani, unachagua kituo na masomo, malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa serikali, si kwa namba ya mtu. Angalia jina, sisi huku kitambulisho chasema Mohamed cheti chasema Muhammad, hiyo itakusumbua baadaye. Na kodi za masomo, yaani namba zake: 231 Bayolojia, 232 Fizikia, 233 Kemia. Ukikosea tarakimu moja umerejista somo lingine.

Sasa lebu. Mimi nilishika bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo na koki chini, mara ya kwanza siku ya mtihani, nikaijaza kwa faneli na faneli nikaiacha juu, nikasoma, nikaanza kutitreti (kudondoshea dawa kwenye chupa mpaka rangi igeuke), kumbe matone yaliyobaki kwenye faneli yanashuka taratibu na kuniharibia kipimo, na mimi nashangaa mbona mara tatu nilizorudia hazifanani. Toa faneli! Fungua koki kidogo mpaka kiputo cha hewa pale nchani kitoke, ndiyo usome, jicho liwe sawa na mstari, soma pale chini kabisa maji yalipobonyea. Weka kigae cheupe chini ya chupa uone rangi ikigeuka kwa tone moja. Haya hayaingii kwa kusoma, mkono lazima uzoee, kwa hivyo omba angalau Jumamosi nne tano. Fizikia nayo hivyo hivyo, kuunga waya za amita na voltimita kwenye kitabu ni rahisi, mezani kila kitu chakuchanganya.

Bayolojia ina afadhali, dawa ya iodini ya kupima wanga na ya Benedict ya kupima sukari unazielewa siku moja.

Halafu ratiba ikitoka andika tarehe za praktikali peke yake, na kama unatoka visiwani na kituo chako kiko Amu, njoo jana yake ulale kwa jamaa, maji yakipwa Mkanda, ule mlango wa bahari wa njiani, haupitiki na msimamizi hatakungojea bamvua.