Kabla ya kumpeleka mzee wa jeshi kwa munganga

Papa, baba yetu, alikuwa na cheo cha ajida katika jeshi la Zaire na alipita vita vyote viwili vya Shaba, yaani Katanga, vya 1977 na 1978. Miaka na miaka tulimwambia, "Papa, uko na huzuni, twende lopitali," naye akajibu kwamba huzuni ni ya watu wasio na kazi. Siku mama alipomwambia, "Twende wakutafutie usingizi," akainuka akavaa viatu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la kwanza la kuandaa: neno utakalomwambia. Hapa Lubumbashi, ukimtajia mzee wa jeshi ugonjwa wa kichwa, anasikia kwamba unamwita mwendawazimu. Usingizi hauna aibu. Wala humdanganyi, maana usingizi uliovunjika na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hulishana: asiyelala huzama zaidi, na aliyezama hulala vibaya zaidi. Ukitibiwa usingizi, mara nyingi na moyo hupata nafuu.

Jambo la pili ni daftari. Wiki mbili kabla ya siku ya kwenda, anayelala karibu naye aandike kila asubuhi: amepanda kitandani saa ngapi, amekaa muda gani bila kulala, ameamka mara ngapi, ametoka saa ngapi, mchana amesinzia au hapana. Mama aliandika pia vitu ambavyo hatukumwomba: "Amekagua mlango mara tatu." "Ameketi kitandani, mgongo ukutani, mpaka jogoo." Mistari hiyo ndiyo munganga aliyoisoma kwa makini kuliko yote. Mzee mwenyewe ukimuuliza analala vipi, atasema "vizuri," na chumba cha munganga si mahali pa kuanza kubishana naye.

Sikiliza pia pumzi. Akikoroma sana, kisha akanyamaza kana kwamba pumzi imekatika, kisha akashtuka akivuta hewa, andika na useme wazi. Huo ni ugonjwa wa njia ya hewa kuziba usingizini. Humwacha mtu amechoka mchana na mwenye hasira, ukafanana kabisa na sonona, na dawa za kulalia zinaweza kuuzidisha. Sema pia kama aliwahi kupigwa kichwani au kurushwa na mlipuko, hata kama ni miaka arobaini iliyopita.

Kisha kusanya dawa zote, na hapa naomba usimwonee haya mtu. Weka kwenye mfuko mmoja vidonge vya presha, vya sukari, mizizi aliyopewa na jirani, na kile kidonge kilichonunuliwa kimoja kimoja bila karatasi ya munganga. Baadhi ya dawa za presha huleta ndoto mbaya. Za kukojoza maji, zikimezwa jioni, humwamsha usiku kucha. Kuna dawa ya virusi vya ukimwi, efavirenzi, inayojulikana kwa kuchafua ndoto. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, nayo iandikwe kwa vipimo vya kweli. Humlaza mtu haraka, halafu huivunja nusu ya pili ya usiku. Ila usimfungie chupa ghafla ili afike lopitali akiwa safi! Aliyekunywa sana kwa miaka akikata kwa siku moja anaweza kuanguka kifafa, na Valium, kidonge cha kutuliza, iliyozoeleka ni vivyo hivyo. Kupunguza kunapangwa na munganga, hatua kwa hatua.

Akipiga kelele usingizini, usimguse. Simama miguuni mwa kitanda, washa taa, umwite kwa jina mpaka akutambue. Wafundishe na wajukuu.

Sasa lile gumu. Kabla ya kwenda, mtu mmoja anayempenda amuulize mzee uso kwa uso kama amewahi kutamani kufa au kupanga kujiua. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Kwa wengi ni kutua mzigo. Akisema ndiyo, usingoje wiki mbili za daftari: mpelekeni siku hiyohiyo, asiachwe peke yake, na dawa, sumu ya panya na silaha yoyote vitoke nyumbani. Najua nyumba ambazo silaha haitajwi hata kwa mke. Itajwe.

Pa kwenda, mji wetu una kituo cha magonjwa ya akili cha Dr Joseph Guislain, cha Mabruda wa Upendo. Uliza mapema bei ya kuonana na munganga, na bei ya kurudi pia, maana tiba hii si ya siku moja, na pesa zikiishia kwenye ziara ya kwanza mzee atabaki njiani. Uliza tena kama kuna anayesikia Lingala. Papa wetu anaishi kwa Kiswahili, lakini amri za jeshi zilikuwa kwa Lingala, na usiku hupiga kelele kwa Lingala. Kuna mambo aliyoweza kuyasema kwa lugha hiyo tu. Kama familia inasali, mchungaji aombe. Sala na tiba havigombani. Nitakachokataa mpaka mwisho ni mzee kufungwa au kunyimwa chakula eti pepo atoke.

Mwandae ajue kwamba huenda hatapewa kidonge cha usingizi. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kilishauri kwamba mtu mzima aliyekosa usingizi kwa muda mrefu aanziwe na tiba ya maongezi na mazoea kabla ya dawa, na idara inayohudumia askari wa zamani wa nchi hiyo huitoa tiba hiyo. Ni vikao vichache vya kila wiki. Mzee huamka saa ileile kila siku, hupunguziwa saa za kukaa kitandani, na akikaa kama dakika ishirini bila usingizi hutoka kitandani mpaka urudi. Mwenye kifafa asipunguziwe saa bila munganga kujua. Katika nyumba ya mtaa wa Katuba yenye vyumba viwili, atatoka aende wapi? Basi andaa kiti, blanketi la baridi ya mwezi wa sita, na taa ndogo kwa usiku ambao umeme hakuna.

Kwa ndoto za vita, munganga akitaja dawa ya prazosini, uliza anatarajia nini. Utafiti uliotolewa 2018 juu ya askari wa zamani 304 wa Marekani haukuona kwamba inashinda kidonge kisicho na dawa, ingawa wapo madaktari wanaoitumia bado. Iko pia tiba ya kusimulia: maisha hutandazwa chini kama kamba, ua kwa kila jema, jiwe kwa kila baya, kisha mtu huyapitia moja moja na mtu wa kumsikiliza. Huko Goma ilijaribiwa kwa wapiganaji waliotoka porini, ikapangwa ili waweze kusimulia hata yale waliyowatenda wengine, na matokeo yaliyotolewa 2013 yalionyesha kwamba majeraha yao ya moyo yalipungua. Nilipolisikia jambo hilo nililia, maana papa hakuwahi kuulizwa upande huo wa habari yake.

Dawa za sonona, akiandikiwa, huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi yake, na tumbo linaweza kusumbua kwanza. Nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla ya moyo kutulia, kwa hiyo wiki hizo za mwanzo awe na mtu karibu. Asiache dawa mwenyewe kwa sababu amelala vizuri siku tatu. Kabla ya kutoka chumbani, omba tarehe ya kurudi iandikwe kwenye fishi, ile karatasi yake ya lopitali, na mpe mzee mwenyewe aishike. Papa wetu aliikunja akaitia mfuko wa shati, na siku hiyo ilipofika alituamsha sisi.