Kulea Vifaranga na Mama Yao Ndani ya Kundi la Kuku

Wafugaji wengi, mara vifaranga wanapoanguliwa, humhamisha mama na watoto wake kwenye chumba cha peke yao na kumrudisha kundini baada ya miezi miwili. Nia yao ni njema, lakini ugomvi huanzia hapo hapo. Kuku huishi kwa kujuana nani mkubwa na nani mdogo, na aliyepotea machoni pa wenzake kwa majuma kadhaa hupokewa kama mgeni: hudonolewa, hufukuzwa penye chakula, na watoto wake hupata adhabu hiyo hiyo. Ushauri wangu ni kumtenga bila kumficha, yaani apewe sehemu yake salama ndani ya banda lile lile, ambamo wenzake watamwona na kumsikia kila siku.

Maandalizi huanza kabla ya mayai kuanguliwa. Kuku akianza kuatamia kwa dhati, akawa haendi tena usiku kwenye chaga, yaani miti ya kulalia iliyoinuliwa bandani, na anatutumua manyoya kila unapomkaribia, mhamishe usiku kwenye kiota kilicho chini, katika kona yenye giza kiasi iliyozungushiwa wavu. Akibaki kwenye kiota cha kawaida, wenzake watamwongezea mayai mapya, na mayai yaliyoanza kuatamiwa siku tofauti hayaanguliwi pamoja. Weka alama ya penseli kwenye kila yai unalompa, ili lisilo lake litambulike na kuondolewa. Mkague pia chawa na utitiri chini ya mbawa na kuzunguka mkundu, kwa sababu wadudu hao humdhoofisha katika siku 21 za kuatamia, kisha huwavamia vifaranga.

Siku ya kuangua, mwache atulie. Kifaranga hutoka na akiba ya kiini cha yai tumboni, inayomtosha kwa takriban siku mbili, na ndiyo maana mama huweza kuendelea kuyakalia mayai yaliyobaki bila watoto wa kwanza kufa njaa. Akishashuka mwenyewe pamoja nao, ondoa mayai yaliyobaki na tandaza maranda makavu.

Wavu unaotenganisha sehemu yake na kundi unahitaji uangalifu mkubwa. Matundu yanayomzuia kuku mkubwa humpitisha kifaranga bila shida, naye akishatokea upande wa pili huzunguka akilia huku mama akihangaika asiweze kumfikia. Funika sehemu ya chini kwa ubao wa sentimita 30 hivi. Maji yawe kwenye chombo chenye kina kifupi kilichowekwa kokoto, kwa kuwa kifaranga huweza kuzama hata katika sahani.

Chakula ndicho kinachowashinda wengi, kwa sababu kundi lina mahitaji mawili yanayopingana. Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu nyingi, kwa kawaida kati ya asilimia 3.5 na 4, ilhali kifaranga anahitaji takriban asilimia 1 tu, na ziada hiyo ikiendelea huharibu figo zake. Njia ninayoiona rahisi kuliko zote ni kulisha kundi zima chakula cha kuku wanaokua, na kuwawekea wanaotaga maganda ya chaza yaliyosagwa katika chombo cha pembeni, ambacho watakiendea wenyewe kwa kadiri ya haja yao. Zaidi ya hapo, tengeneza kizimba chenye milango midogo inayompitisha kifaranga na kumzuia kuku mkubwa, uweke ndani yake chakula cha vifaranga. Mama atawafundisha yaliyobaki: huokota punje, huiangusha, huiokota tena huku akitoa mlio mfupi wa harakaharaka, nao humkimbilia na kuigombea chini ya mdomo wake.

Baada ya juma moja hivi, ikiwa vifaranga wana nguvu na hakuna mvua, wafungulie alasiri, wakati kundi limeshiba na limetawanyika uwanjani. Usifanye hivyo ndani ya banda finyu, kwa maana aliyeshindwa hana pa kukimbilia. Mama atashusha mbawa, atavimba na kumrukia yeyote atakayesogea. Usiingilie, kwani kwa kufanya hivyo anawawekea wenzake mpaka. Kifaranga akidonolewa mara moja na kukimbilia kwa mama yake, hilo ni fundisho la kawaida. Kuku anayemfuatilia kifaranga kutoka kona hadi kona ndiye wa kutengwa kwa siku chache. Kama una kuku wawili wenye vifaranga wa umri tofauti, usiwaweke mahali pamoja mapema, kwa sababu kila mmoja anaweza kuwaua watoto wa mwenzake.

Vifaranga wanaochangamana na kuku wakubwa hukutana mapema na vimelea vya kuhara damu, na unyevu ndio unaovistawisha. Badilisha maranda yaliyolowa, hasa pembeni mwa chombo cha maji. Ukiona kifaranga amejikunyata, mbawa zimelegea na kinyesi kina damu, mwite mtaalamu wa mifugo bila kuchelewa. Yeye pia ndiye akupangie ratiba ya chanjo, hususani ya kideri.

Usiku mama atalala chini na watoto wake hadi watakapoota manyoya kamili, kwenye wiki ya sita hivi. Ndipo ataanza kupanda chaga, kuwadonoa wanaomfuata na kurejea kutaga. Wawekee chaga ya chini iliyo karibu na ile ya wakubwa, na usikiondoe kizimba cha chakula kwa haraka, kwa kuwa kipindi cha kuachishwa ndicho wanachofukuzwa zaidi kwenye vyombo vya pamoja. Chakula cha kuku wa mayai kisiwafikie mpaka mitetea wao watakapokaribia kutaga.